Ua Lisilochoma

Edesia Nyagawa alikuwa amezamisha mkono tangini mpaka kwenye kiwiko, na Bosi alikuwa anamng'ata.

"Acha basi, wewe mama," Edesia alimwambia. "Kioo chenyewe ninachokufutia ni chako."

Bosi hakuacha. Alikuwa samaki wa urefu wa kidole, rangi ya chungwa lililoiva, na mistari mitatu myeupe ikimzunguka mwilini. Alirudi nyuma, akaukazia macho ule mkono uliomzidi ukubwa mara nyingi, akauvamia tena. Meno yake hayakuweza kutoboa ngozi, lakini hilo halikumhusu. Nyuma yake mumewe, Shemeji, mdogo nusu yake, alikuwa anayapepea mayai kwa mapezi bila kuinua kichwa. Alikwisha kuzoea ugomvi wa mkewe na majirani.

Nje, ukungu wa Juni ulikuwa bado umekalia mabati ya Njombe. Sebuleni kulikuwa na joto zuri, maana tangi la akina Nyagawa lilichukua ukuta mzima, na hita zake hazikuzimwa mchana wala usiku. Ndiyo maana jumuiya ya mtaa ilipenda kusali hapa kuliko nyumba nyingine yoyote. Walisema wanafuata sauti ya Gaudensi, mume wa Edesia, anavyoimba. Uongo mtupu! Gaudensi anaimba vibaya. Walifuata joto la samaki.

Pwani samaki hawa walikuwa na majina yao ya zamani. Njombe, mji wa kufuma, waliitwa samaki wa sweta kwa ajili ya ile mistari, na jina likashika. Walipandishwa huku mlimani kwa hesabu rahisi: maji ya baridi unaweza kuyapasha, lakini bahari iliyokwisha kupata homa hakuna aliyejua kuipoza. Joto lilipoua maua ya baharini, viumbe vile vyenye minyiri laini inayochoma, samaki wanaolala ndani ya maua hayo wakabaki hawana pa kujificha. Idara ya Urejeshaji iliwakusanya waliosalia, ikawagawa kwa nyumba zilizokubali kuwalea. Kila nyumba ilipewa jozi ya mwamba mmoja, isichanganywe na nyingine. Bosi na Shemeji walikuwa wa Mwamba Kidundu, na hapakuwa na wengine wa mwamba huo popote duniani isipokuwa wao na watoto wao, ndani ya sebule hii, kati ya kabati la vyombo na mashine ya kufumia masweta.

Kila nyumba ilipewa pia ua la kutengenezwa. Lilitikisa minyiri yake kwa umeme mdogo, likafunguka asubuhi na kujikunja jioni, na kwenye ncha za minyiri lilichoma kidogo, mchomo wa upupu. Fundi aliyelileta alionyesha skrubu moja nyuma ya tangi. "Hii inaongeza na kupunguza mchomo," alisema. "Msiiguse."

Redio juu ya kabati ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Vivuli vilivyotandazwa juu ya bahari kutoka Tanga mpaka Mtwara vimefanya kazi, ilisema. Maji yamepoa. Maua halisi yaliyopandwa upya yameshika kwenye miamba. Maafisa watapita nyanda za juu kuwapima samaki, na watakaofaulu watarudishwa baharini.

Gaudensi aliingia na baridi yake kutoka shambani kwenye maparachichi, akasimama mlangoni na buti mkononi.

"Umesikia, Mama Onesmo? Wageni wetu wanaenda kwao."

"Kwao wapi? Kwao si hapa?"

Gaudensi alicheka, akidhani ni utani. Edesia alitoa mkono majini, akaufuta polepole kwa kanga, na macho yake yenyewe yakaenda nyuma ya tangi.

Wiki ileile ya kwanza walipoletwa, miaka mingi iliyopita, alimwona Shemeji akigusa ua, akashtuka, akarudi kwenye kona kutetemeka. Akagusa tena, akashtuka tena. Edesia alikuwa mfumaji wa masweta ya watoto wachanga. Maisha yake yote alikuwa akichagua nyuzi kwa kuzipitisha shavuni, na aliamini kwa moyo wote kwamba kitu cha kulalia hakipaswi kuuma. Mume alikuwa shambani. Alichukua bisibisi ya mashine yake, akaizungusha ile skrubu mpaka ikagoma. Jioni ile Bosi na Shemeji walilala katikati ya ua, wametulia tuli, naye akasimama akiwatazama mpaka chai yake ikapoa.

Hakumwambia mtu. Watu walikuwa wakisema, "Samaki wenu wana amani, jamani," na yeye alikuwa akiona fahari.

*

Afisa alikuja na gari la Idara, amevaa masweta mawili na juu yake koti. Aliitwa Mwanamkuu Shekue, msichana wa Tanga mwenye sauti laini, na meno yalikuwa yanamgongana.

"Kamwene, mama," alisema. Salamu ya wenyeji aliyojifunza njiani.

"Kamwene, mwanangu. Njoo hapa kwenye tangi, utapona."

Alikaa karibu na kioo, akanywa chai vikombe viwili mpaka midomo ikarudi rangi yake. Ndipo akafungua kasha alilokuja nalo. Ndani ya maji mlikuwa na kitu cha kahawia chenye minyiri minene, ncha zake zambarau iliyofifia.

"Hilo ndilo ua lenyewe?" Gaudensi aliuliza. "La kwetu zuri zaidi."

"La kwenu halina roho, baba," Mwanamkuu alijibu akitabasamu. "Hili linakula."

Aliliweka kwenye sanduku la kioo lenye matundu madogo pande zote, akaliteremsha ndani ya tangi ili maji ya ua na maji ya samaki yachanganyike. Kisha akachota mtoto mmoja wa Bosi, yule wa mwisho ambaye Edesia alikuwa anamwita Kitinda, akamwachia ndani ya sanduku.

"Kwa kawaida atagusa kwa mkia," alieleza, "atakimbia, atarudi. Anajipaka utelezi wa ua kidogo kidogo, na utelezi wake mwenyewe unakomaa, mpaka ua likubali kwamba si chakula. Inachukua saa kadhaa. Tuna muda wa—"

Hakumaliza. Kitinda alikuwa ameliona ua, na maisha yake yote ua lilikuwa kitanda. Hakugusa kwa mkia. Aliingia moja kwa moja, kwa imani yote aliyokuwa nayo, akajilaza katikati.

Minyiri ilimfunika. Alitikisika mara moja.

Mwanamkuu alikwisha kuzamisha mkono, lakini alichokitoa kilikuwa kimekwisha. Alikiweka juu ya kitambaa cheupe, kisha akainua macho.

"Mama, ua lenu linachoma?"

"Linachoma, bila shaka," Gaudensi alidakia. "Tuliambiwa tusiguse, na hatujagusa."

"Halichomi," Edesia alisema.

Mumewe aligeuka kumtazama.

"Nililizima mimi. Tangu wiki ya kwanza." Alionyesha nyuma ya tangi. "Niliona linawaumiza."

Alingoja kugombezwa. Mwanamkuu hakugomba, na hilo lilimuumiza zaidi. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye magoti yakigusana.

"Nisikilize, mama. Hawa wazima wawili waliwahi kuujua mchomo, zamani, lakini ngozi imekwisha kusahau. Watoto hawajawahi kuujua. Nikiwapeleka hivi, wote wataishia kama huyu. Zipo njia mbili. Ya kwanza, ufungue skrubu kidogo kila asubuhi, kwa wiki nyingi, mpaka miili ikumbuke. Wataumia. Sitakudanganya, wengine watakufa. Ya pili, wabaki hapa. Watazeeka wakiwa wametulia, wala hakuna atakayekulaumu. Ila Kidundu itapandwa samaki wa mwamba mwingine, na hawa wa kwenu wataishia hapa sebuleni."

"Nani anaamua?"

"Mlezi. Ndiyo sheria."

"Mlezi aliyewaharibu?"

Mwanamkuu alimshika mkono. Alikuwa na nyumba nyingine za kupima upande wa Makete, akaomba aliache ua lake halisi ndani ya tangi, sanduku likiwa limefungwa vizuri, kwa sababu barabara ile ingeliua. Angepita kulichukua akirudi, na kusikia jibu.

*

Walimzika Kitinda chini ya waridi la mlangoni. Gaudensi alichimba, halafu akakaa kwenye ngazi, akakwangua udongo kwenye jembe. Edesia aliona ni heri angepiga kelele.

"Ungeniambia," Gaudensi alisema mwishowe.

"Ungelifungulia."

"Ningelifungulia, ndiyo." Alifikiri kidogo. "Au labda nisingelifungulia. Mimi mwenyewe nilikuwa napenda kuwaona wamelala."

Edesia alikaa kando yake. Hapo machozi yakaja, akayaacha yatoke.

"Wabaki, Baba Onesmo," alisema. "Nimemuua mmoja kwa huruma yangu. Sasa nianze kuwatesa kila asubuhi kwa mkono huuhuu? Watoto hawaijui bahari, na wazazi wamekwisha kuisahau. Hata sisi hatujaiona. Nani aliwauliza kama wanaitaka? Hapa wana joto, wana chakula, hakuna anayewafukuza. Mimi nitawatunza mpaka wa mwisho."

Gaudensi hakubisha. Alimpapasa mgongo, wakaingia ndani kwa sababu ya baridi, na hapo sebuleni wote wawili wakasimama.

Bosi hakuwa kwenye ua lake. Ua la kutengenezwa lilikuwa linapepea peke yake katikati ya tangi, zuri, jekundu, bila mtu. Bosi alikuwa kwenye kona, uso wake umebanwa kwenye sanduku la kioo, pale penye tundu ambapo maji ya ua halisi yalikuwa yanapita. Alikuwa anajisukuma. Alirudi nyuma, akalipiga sanduku kwa kichwa, akarudi nyuma, akalipiga tena.

"Amelionaje?" Gaudensi alinong'ona. "Miaka yote hii hajaliona."

"Hajaliona. Amelinusa."

Edesia aliweka maji ya ugali jikoni, akarudi. Bosi alikuwa palepale. Walikula; Bosi alikuwa palepale. Alipewa chakula chake, uduvi aliokuwa akiufia, na hakugeuka. Shemeji aliyaacha mayai kidogo, akaenda kumchungulia, akarudi kupepea, akaenda tena. Watoto nao walianza kusogea nyuma ya mama yao, mmoja mmoja.

Edesia alikunja mkono wa sweta, akazamisha mkono ili amwondoe Bosi taratibu asijijeruhi mdomo. Bosi aligeuka, akamng'ata kwenye ngozi laini kati ya vidole, kwa nguvu zake zote, kisha akarudi kwenye tundu lake.

Edesia alibaki na mkono majini. Miaka yote hii alikuwa akiwaona ni wanyonge. Huyu kiumbe wa kidole kimoja alikuwa hajawahi kumwogopa hata siku moja. Aliuvamia mkono wake kila alipofuta kioo, akashindwa, na kesho yake akauvamia tena. Mwoga wa kuumia ndani ya nyumba hii hakuwa Bosi.

"Nipe bisibisi," alimwambia mumewe.

*

Alifungua robo tu. Kisha, kabla samaki hawajarudi kulala, alizamisha mkono wake mwenyewe ndani ya ua na kuukalisha pale.

"Unafanya nini sasa?" Gaudensi aliuliza.

"Nataka kujua ninachowafanyia."

Likawa jambo la kila asubuhi. Skrubu kidogo, halafu mkono. Siku za mwanzo hakusikia kitu ila mtekenyo, na samaki wakashangaa tu na kujikuna kwenye mawe. Baadaye mtekenyo ukawa upupu, na Shemeji akaanza kulala nje ya ua, amejibanza kwenye jiwe, ngozi yake imefifia rangi. Edesia alipomwona hivyo alishika bisibisi mara kadhaa kwa nia ya kurudisha nyuma, akaiweka chini, akaishika tena. Watoto wawili walikufa. Aliwazika mwenyewe kando ya Kitinda, na siku ile mashine ya kufumia haikulia.

Jumuiya ilipokuja kusali walimwona ana madoa mekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Umepatwa na nini, Mama Onesmo?" mmoja aliuliza.

"Nasoma," alijibu, na wakacheka wakijua wanataniwa.

Bosi ndiye aliyeanza. Asubuhi moja, mkono wa Edesia ukiwa ndani ya ua na unawaka moto, Bosi alikuja, akapitisha mkia kwenye minyiri, akaruka kando. Alikwenda kuzunguka tangi zima kwa hasira. Akarudi, akapitisha ubavu. Akaruka. Akarudi. Mchana kutwa alikuwa akienda na kurudi, na Edesia aliacha kazi akavuta kiti. Jua lilipoelekea milimani Bosi alipenya katikati ya minyiri, akajigeuza mara mbili tatu kutafuta mkao, akalala.

Edesia alipiga kelele za furaha mpaka Gaudensi akaja mbio kutoka bandani na jembe mkononi.

*

Mwanamkuu, aliyekwisha kupita kulichukua ua lake na kusikia jibu, kisha akarejea Makete, alikuja tena maparachichi yalipokuwa yanachumwa. Safari hii alivaa sweta moja tu, la mistari mitatu myeupe, ambalo Edesia alikuwa amemtumia Makete kwa basi. Alileta ua halisi lingine, akaliweka kwenye sanduku lake. Hakumchagua mtoto. Alimtazama Edesia, naye akasema, "Anza na Bosi. Hatakubali mwingine atangulie."

Gaudensi alitoka nje. Alisema anaenda kuangalia mbwa.

Bosi aliwekwa ndani ya sanduku. Alilitazama ua. Edesia alikuwa amemshika Mwanamkuu mkono bila kujua, na anaubana.

Bosi aligeuka, akagusa kwa mkia. Akakimbia.

"Haya," Mwanamkuu alinong'ona. "Haya, mama yangu."

Akarudi. Akagusa kwa tumbo. Akakimbia, akatetemeka kwenye kona, akarudi. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Hatimaye minyiri ya zambarau ilimpokea na kumfunika, ikafunguka, naye akawa yumo ndani, mzima, anasukuma minyiri huku na huku kwa mabega kama mtu anayepanga mito yake.

Mwanamkuu alijifuta macho kwa sweta jipya. "Mzee!" Edesia aliita kuelekea nje. "Acha kumsumbua mbwa! Bosi amelala!"

Shemeji na watoto, waliokwisha kumwiga Bosi kwenye ua la nyumbani, walipimwa pamoja nao wakapokelewa, na alasiri ileile wote wakafungwa kwenye mifuko ya maji. Bosi alibaki wa mwisho. Edesia aliomba amchote mwenyewe, na alipoingiza mkono, mkono wenye madoa na magamba, Bosi aliuvamia akaung'ata.

"Ndiyo hivyo," Edesia alimwambia, akicheka na kulia. "Ndiyo hivyohivyo na huko. Usimwache mtu."

Gari liliondoka polepole ili maji yasirushwe. Walisimama barabarani mpaka likapinda, kisha wakarudi sebuleni. Tangi lilikuwa linanguruma peke yake. Hita zilikuwa zinapasha maji ya bure, na katikati ua jekundu lilikuwa linapepea.

Gaudensi alizunguka nyuma ya tangi. "Yule binti amesema wapo makinda wa mwamba mmoja wa Mtwara, hawana mlezi. Ataleta mwezi ujao, tukikubali."

"Nimekwisha kukubali."

"Nilijua." Alisimama akiitazama skrubu. "Basi nilizime kwa sasa? Hakuna mtu humo."

Edesia alikuwa amekwisha kukunja sweta na kuzamisha mkono ndani ya ua. Lilimchoma vilevile, kwa nguvu ile aliyoifikia Bosi.

"Usiguse," alisema. "Nitalishusha kidogo siku wakija, na mimi mwenyewe nitalipandisha. Lakini halizimwi tena."

Gaudensi alikuja akasimama kando yake. Alimtazama mkewe usoni, akautazama ule mkono, kisha akakunja sweta lake naye, akazamisha wa kwake kando ya wa mkewe.

"Lo!" alisema, akauchomoa haraka maji yakaruka mpaka kwenye mashine.

Akaupuliza. Halafu akaurudisha.